LibreOffice Calc kwa hesabu za dagaa: naipima kwenye kuchagua mistari na kolamu tu

Naandika hesabu za shangazi yangu, anayenunua dagaa Kibirizi hapa Kigoma na kuwasafirisha Tabora na Dar es Salaam. Daftari lilishahamia kwenye laptopu, na programu ni LibreOffice Calc, ya majedwali ya hesabu, kwa sababu ni ya bure na ukishaiweka haikudai intaneti tena. Kuipakua kunakula bando, ni zaidi ya MB 300. Mimi niliichukua kwenye fleshi kwa jirani mwenye duka la kuchapa pale Mwanga. Mengine yote nayaacha. Nasema jambo moja, kuchagua mistari na kolamu, maana ndiko muda wangu unakoishia.

Mausi siigusi sana. Shika Shift, bonyeza kitufe kirefu cha nafasi, mstari mzima umechaguliwa. Ctrl na kitufe hichohicho, kolamu nzima. Ukitaka kolamu zisizopakana, tuseme tarehe na bei, bofya herufi iliyo juu ya kolamu ya kwanza, shikilia Ctrl, bofya ya pili. Jumla na wastani vya ulichochagua vinajitokeza chini ya dirisha, huna haja ya fomula. Shangazi akiuliza kutoka mlangoni, "Wiki hii tumepokea gunia ngapi, mwanangu?", nachagua seli (vyumba vya jedwali) za wiki hiyo na kumjibu kabla hajavua viatu. Kwa hilo peke yake naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano inapotelea kwenye kolamu ya magunia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Jedwali langu lina tarehe zote za mwezi bila kuruka hata moja, lakini kolamu ya magunia ina pengo kila mbalamwezi inaporudi. Sasa bonyeza Ctrl, Shift na mshale wa chini, njia ambayo kila anayefundisha Calc anaisifu: inateremka mpaka penye pengo, inasimama. Si ubovu, ndivyo ilivyoundwa. Inatafuta ukingo wa data. Ila asiyejua atajumlisha nusu ya mwezi akidhani ni mwezi mzima, na ile namba ya chini haina alama yoyote ya kumshtua.

Wapo wanaoshauri siku hizo zijazwe sifuri. Mimi sikubali. Seli tupu haiingii kwenye wastani, sifuri inaingia, basi siku za mapumziko zitaushusha wastani na shangazi ataona biashara imelegea kumbe ni mwezi tu umewaka. Afadhali kile kisanduku cha juu kushoto kinachoonyesha jina la seli uliyopo. Andika ndani yake D2:D32, yaani kolamu D kuanzia mstari wa 2 hadi wa 32, bonyeza Enter, na mwezi wenye siku 31 umechaguliwa wote, mapengo yakiwemo. Ipo pia Ctrl pamoja na alama ya nyota (*) ya upande wa namba, inayochagua jedwali zima, kwa kuwa pengo la kolamu moja haliizuii. Ili izuiwe, lazima mstari uwe mtupu wote. Tatizo ni kwamba laptopu nyingi ndogo hazina huo upande wa namba.

Kwenye kuchuja wamefanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikichuja kwa jina la mwenye mtumbwi mmoja, nikachagua na kunakili, inakwenda mistari inayoonekana tu. Lakini mistari uliyoificha mwenyewe kwa amri ya kuficha inanakiliwa pamoja na mingine. Lijue hilo kabla hujamtumia mtu hesabu yake, la sivyo atasoma bei uliyompa mwenzake, na ufukweni bei ni siri ya kugombanisha watu.

Tangu toleo la 7.4 la mwaka 2022 karatasi moja ina kolamu 16,384, badala ya 1,024 za zamani. Wenye kazi nazo wapo, mimi zangu ni nane. Mistari 1,048,576 ndiyo inayonipa amani; mtumbwi uingie kila usiku, bado nafasi ipo.

Kwenye simu sikushauri. Kuburuta vile vitone vya pembeni mwa seli kwa kidole kilichotoka kushika dagaa ni adhabu, na ukiteleza kidogo umechagua siku usiyoitaka. Ukinunua laptopu kwa kazi hii, tafuta yenye vitufe vya namba upande wa kulia. Ukikosa, kibodi ya USB inatosha.