Kalenda ya ukutani ya elfu tano, nzuri ila majira yake sio ya Dar

Nimeichukua Kariakoo, ile kubwa yenye picha za bahari. Kwa uchapaji sina neno, karatasi nzito, tarakimu unazisoma hata ukiwa mlangoni, sikukuu zote zimo kuanzia Mapinduzi mpaka Boksingi Dei na waya wa juu hauachii.

Nyota nimekata kwenye majira. Tarehe 20 Machi wameandika "majira ya kuchipua yaanza", 21 Juni "kiangazi chaanza". Kiangazi cha Juni Dar ipi jamani? Juni huku ndo kipupwe, kusi inavuma, asubuhi kwenye pantoni la Kigamboni unakuta watu na masweta. Hii wameichukua ya Ulaya wakaitafsiri ivoivo.

Na hata huko Ulaya kwenyewe tarehe hazifanani. Wapo wanaofuata jua, yaani Machi na Septemba likipita juu ya ikweta, Juni na Desemba likifika mwisho wake wa kaskazini au kusini likageuza, na hizo tarehe zinacheza kidogo maana mwaka ni siku 365 na masaa karibu 6, kwahiyo zinasogea mpaka mwaka mrefu uzirudishe nyuma. Watu wa hali ya hewa wao wanaanza tarehe mosi tu, Machi, Juni, Septemba na Desemba, ili hesabu zao ziende kwa miezi mizima. Sasa sisi tupo nyuzi kama 7 tu kusini mwa ikweta, jua la utosi tunalipata mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, huku kinachopanga msimu ni upepo na mvua bana. Masika Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, na lini hasa zinaanza unasubiri utabiri wa msimu wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), kuna mwaka zinawahi na kuna mwaka zinachelewa.

Kinachonishangaza, Idd wameweza kuandika "kutegemea mwandamo wa mwezi". Masika imewashinda nini? Wangepaka bluu Machi hadi Mei wakaandika "kutegemea utabiri wa TMA", mtu wa Jangwani, kule bondeni kunakofurika mvua zikija, akiangalia anajua muda wa kuinua magodoro umekaribia.

Muuzaji huyohuyo anayo ndogo ya mezani, elfu tatu, haina majira kabisa. Kama ni ya ofisini chukua hiyo.