Msimu mzima wa lakrosi nikiwa Sakina, Arusha: uzoefu wangu wa kulipia matangazo ya mechi za Buffalo Bandits

Nilisoma miaka miwili Buffalo, katika jimbo la New York, na nilirudi Arusha nikiwa na shahada, koti zito ambalo sijalivaa tena, na mapenzi kwa timu ambayo hapa mjini hakuna anayeijua. Timu hiyo ni Buffalo Bandits, na mchezo wenyewe ni lakrosi ya ndani. Maelezo haya yanahusu huduma ya mtandaoni niliyoilipia kwa msimu mzima ili niendelee kuifuata. Nayaandika kwa ajili ya Mtanzania mwingine anayetaka kufuata timu ya mbali kwa njia hii na anayejiuliza kama fedha yake itakwenda bure.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, kila upande huwa na wachezaji watano na golikipa, na kila mmoja hushika fimbo yenye wavu mwishoni ambayo hutumika kudaka, kubeba na kurusha mpira mdogo mgumu wa raba. Timu yenye mpira ina sekunde 30 za kupiga golini, na kwa sababu hiyo hakuna nafasi ya kupoteza muda kama tunavyoona katika soka timu inapoongoza bao moja. Mechi huwa na robo nne za dakika 15, na muziki hupigwa ukumbini hata wakati mpira unachezwa. Asili ya mchezo ni ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, hususan Wahaudenosaunee, ambao baadhi yao bado wanaishi karibu na Buffalo, na mchezaji kama Tehoka Nanticoke ametoka katika jamii hiyo. Nililielewa hilo nikiwa kule, nilipoona kwamba kwa familia fulani zilizokaa karibu nami ukumbini mchezo ule ulikuwa na uzito kuliko burudani ya Jumamosi.

Sasa niingie kwenye huduma yenyewe. Malipo yalikuwa kikwazo cha kwanza, kwa kuwa kadi yangu ya benki ilikataliwa mara tatu bila maelezo yoyote, na hatimaye nilifanikiwa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti ya pesa ya simu. Bei ya msimu mzima haizidi ninayoitumia kwa nyama choma katika mwezi mmoja, kwa hiyo kwa upande huo sina lalamiko. Gharama halisi iko kwenye intaneti. Mechi huchukua takriban saa mbili na nusu, na ukichagua picha ya ubora wa juu, kifurushi cha wiki kinaweza kuisha kabla ya robo ya tatu. Mimi nimejizoeza kutazama kwa ubora wa kati, ambapo mpira wenyewe hauonekani vizuri, lakini macho yakishazoea hujifunza kuufuata kwa jinsi wachezaji wanavyogeuza mabega.

Kuhusu muda, nina maneno mengi zaidi. Mechi inayoanza Buffalo saa moja na nusu jioni ya Jumamosi huanza hapa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Timu ikicheza ugenini Vancouver, pwani ya magharibi ya Kanada, mechi inaweza kuanza saa kumi na mbili asubuhi, yaani wakati mke wangu anatafuta viatu vya watoto kwa ajili ya ibada ya kwanza, na hapo hakuna cha kujadili. Mwezi Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, na mechi kwetu huanza mapema kwa saa nzima, jambo ambalo programu ya huduma hii haikunikumbusha kwa namna yoyote, kwa kuwa ratiba yake huonyesha saa za kule tu. Niliamka saa tisa na robo nikiwa na chai ya maziwa kwenye chupa, nikajifunika blanketi, nikakuta robo ya pili inaelekea kumalizika. Huduma inayokubali fedha kutoka kila nchi ilipaswa kujua kwamba wateja wake hawaishi wote katika saa moja.

Kasoro ya pili ni picha kuchelewa. Arifa za matokeo hufika kwenye simu karibu dakika nzima kabla bao halijaonekana kwenye skrini, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nikishangilia mabao ambayo kwangu yalikuwa bado hayajafungwa. Dawa yake ni kuzima arifa zote, pamoja na ujumbe wa rafiki yangu aliyebaki Buffalo, ambaye hana subira hata kidogo.

Pamoja na hayo yote, hazina ya mechi za zamani inalipa usumbufu. Nimemwona tena Dhane Smith, ambaye mwaka 2016 alifikisha pointi 137 katika msimu mmoja, mabao na pasi za mabao zikihesabiwa pamoja, katika mechi 18 tu. Nimemtazama John Tavares, aliyeichezea timu hii tangu 1992 hadi 2015 na ambaye sasa ndiye kocha wake. (Ukimtafuta mtandaoni utaletewa kwanza mpwa wake mwenye jina hilohilo, anayecheza hoki ya barafuni.) Na Mei 2025 nilikuwa macho wakati Bandits walipoifunga Saskatchewan Rush katika mechi ya tatu ya fainali na kutwaa ubingwa kwa mwaka wa tatu mfululizo, baada ya ule wa 2023 na wa 2024. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, na simu ilikuwa imebakiwa na chaji asilimia tisa. Nilipiga kelele, na asubuhi jirani yangu, mzee wa heshima sana, aliniuliza kama tumepatwa na msiba.

Jambo ambalo huduma haiwezi kuliuza ni watu wa kukaa nao. Ule ukumbi wa Buffalo unachukua watu zaidi ya 19,000, na nilizoea kutoka pale sauti ikiwa imekauka. Hapa Sakina nilimwomba mwenye banda umiza atuwekee mechi ya marudio Jumapili mchana kabla ya soka la Uingereza. Alitazama kidogo, akaniuliza, "Kaka, hawa wanacheza au wanavua samaki?" Hata hivyo alituachia kwa dakika 20 hivi, na vijana wawili wa bodaboda walivutiwa sana na namna wachezaji wanavyogongana, mpaka wateja wa soka walipoanza kudai haki yao.

Vijana hao wawili sasa huja kwangu Jumapili jioni kutazama marudio, na sharti letu ni kwamba mimi sitamki matokeo. Fimbo niliyokuja nayo kutoka Buffalo wamekwisha kuigombania, ingawa wanangu ndio wanaoimiliki kwa vitendo, maana huitumia kuangulia maparachichi. Nimeshalipia msimu ujao, na safari hii kadi ilikubaliwa mara ya kwanza.