Apu ya kuhesabu siku za hedhi: kumbukumbu safi, ila tarehe zake msiziamini sana

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kwa kuweka kumbukumbu iko poa kweli, unaandika damu imeanza lini, nyingi au kidogo, maumivu, mudi, na hata bila intaneti inafanya kazi. Kinachonikera ni lile neno "umechelewa" kwa rangi nyekundu, siku moja tu ikipita tarehe waliyokupangia tayari limetokea na roho inaruka.

Wadada, ile tarehe ni makadirio tu! Apu inachukua mizunguko yako ya nyuma inatafuta wastani, basi, mwilini mwako haioni kitu. Mtu mzima mzunguko wa siku 21 mpaka 35 ni kawaida, mabinti walioanza juzi juzi unaweza kufika hata 45. Na hili hawaliandiki popote: hedhi inakuja kama wiki mbili baada ya yai kutoka, kwa hiyo mara nyingi kilichochelewa ni yai. Ukiwa na stresi, umeumwa, umepungua ghafla, unafanya mazoezi makali huku huli vya kutosha, ubongo unapunguza homoni za kuamsha ovari, yai linasubiri na hedhi nayo inasogea mbele.

Halafu hakuna pa kuandika kwamba unanyonyesha, au umemeza vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, au unatumia kijiti au sindano ya uzazi wa mpango, wakati hivyo ndivyo vinavuruga tarehe sana. Sindano ya miezi mitatu hata ukiiacha mzunguko unaweza kukaa miezi mingi haujarudi vizuri, wengine mwaka na zaidi. Shida ya thairoidi (tezi ya shingoni), PCOS (tatizo la homoni linalovuruga yai kutoka), umri wa kukaribia kukoma hedhi, vyote apu inaviita kuchelewa.

Kama kuna uwezekano wa mimba usibishane na simu, pima mkojo wa asubuhi, ikiwa hasi na bado huoni kitu rudia baada ya wiki. Kipimo chanya halafu tumbo linauma sana upande mmoja au unatoka damu, hospitali siku hiyo hiyo tafadhali. Miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, nenda ukaonwe, na hapo ndipo apu inasaidia hasa maana daktari anataka tarehe na unazo zote mkononi.

Notifikesheni zimeni. Wakiongeza sehemu ya kunyonyesha na dawa za uzazi wa mpango nawapa tano.