TAHADHARI: Alitukodisha gari la kulalia, kisha akalizima kwa simu tukiwa njiani kwenda hifadhi ya wanyama ya Kidepo

Ndugu zangu mnaopanga safari ndefu ya kaskazini mwa Uganda kiangazi hiki, someni haya kabla ya kutuma hata shilingi moja ya arubuni. Nawalenga hasa mnaotoka Kenya na Tanzania, mnaomtegemea mtu mliyemjua kwenye simu tu awaandalie gari hapa Kampala.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na huu ni mwaka wangu wa tisa Kampala. Baba yetu alikuwa dereva wa trela, miaka na miaka akipeleka mizigo Juba kupitia Malaba na Gulu. Kila alipofika Gulu alisikia habari za Kidepo, na hakuwahi kupata nafasi ya kukata kulia akaione. Sasa ana miaka 71 na ana kisukari. Tukaamua na kaka yangu: mwezi wa kwanza tumpeleke, siku 12, siku mbili hifadhi ya Murchison, kisha Gulu, Kitgum, Kidepo, na kurudi kupitia Kaabong, Moroto na Soroti. Tulitaka gari la kulalia lenye vitanda, jiko na friji, kwa sababu moja kubwa: insulini ya mzee. Kaskazini mwezi wa kwanza jua ni kali, na dawa ile haivumilii joto.

Tangazo nililiona mtandaoni. Picha zilikuwa nzuri mno. Gari jeupe, mapazia ya samawati, sinki inang'aa, kitanda kimetandikwa. Bei shilingi 280,000 za Uganda kwa siku, wakati wengine wawili niliowauliza walitaka karibu mara mbili. Jamaa alikuwa mpole, anajibu hata saa nne usiku. "Nyabo (yaani mama, kwa Kiganda), usijali, mzee ni baba yangu pia." Friji, akasema, ina betri yake ya pili, inafanya kazi hata injini ikiwa imezimwa.

Nilituma nusu, 1,680,000. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikauliza, akasema ni mkewe. Siku tatu baadaye akaomba 600,000 zaidi za "kibali cha kupiga kambi Kidepo", eti nafasi zinajaa. Nikatuma.

Zile picha nimezirudia baadaye, na ninaumia kila nikiziona. Katika moja, usukani uko kushoto. Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wa magari yetu uko kulia. Nyuma ya dirisha la sinki inaonekana misonobari na kitu cheupe chini ambacho mimi nilidhani ni mchanga. Ilikuwa theluji. Picha za ulaya, jamani, na mimi nilikuwa nazitazama shuka.

Siku ya kuondoka, saa kumi na moja alfajiri, kwenye kituo cha mafuta barabara ya Bombo, akaja na gari jingine. Hiace kuukuu ya krimu, viti vya nyuma vimetolewa, mahali pake ubao na magodoro mawili, jiko la gesi la sahani moja na friji ndogo imefungwa kwa kamba. "Ile nyeupe imeharibika gea boksi jana usiku, chukueni hii, siku mbili nitawabadilishia." Kaka yangu na mkewe walikuwa wamesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Nairobi. Mzee ameshavaa kofia yake ya safari. Hapo ndipo tulipokosea, na yule mtu alijua kwamba saa ile hatuwezi kusema hapana. Tulimlipa nusu iliyobaki.

Baba alizunguka gari mara mbili. Akagonga tairi la nyuma kwa kisigino, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hili tairi limebaki ngozi." Nikamwambia tutanunua spea njiani. Sikumsikiliza mtu aliyeendesha miaka thelathini.

Murchison tulipita salama, maana barabara nzuri ilificha mengi. Ila friji haikupoa. Usiku wa pili kaka aliinua godoro kufuata waya: betri ya pili ilikuwepo kweli, imefungwa vizuri kwa mkanda, lakini haikuunganishwa na kitu chochote. Waya wake uliishia hewani, umekunjwa kama mkia wa panya. Ilikuwa pambo tu. Dawa ya mzee tukawa tunaihifadhi kwenye barafu ya kununua mji kwa mji.

Lami inakufikisha Kitgum. Kuanzia hapo ni murami, barabara ya changarawe, kupitia Orom hadi Karenga, halafu lango la hifadhi. Tulijaza mafuta Kitgum, tukaondoka mchana. Kabla ya Orom, gari likakohoa mara mbili, likazima katikati ya barabara. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Kaka hajafungua boneti, simu yangu inaita. Ni yeye. Sauti ile ile ya upole: "Nyabo, nimeona mmetoka nje ya eneo la mkataba. Tuma 900,000, gari litawaka dakika hiyo hiyo."

Tangu mwanzo tulikuwa tumemwambia tunaenda Kidepo. Alichukua hata hela za kibali cha Kidepo!

Naomba nieleze jinsi hili linavyofanyika, kwa sababu wengi hatulijui. Ndani ya gari kuna traka, kifaa kidogo chenye laini ya simu. Wenye magari wengi huweka kwa nia njema, gari likiibwa walifuatilie. Lakini kinaweza kuunganishwa na relei, yaani swichi ndogo ya umeme, kwenye umeme wa pampu ya mafuta. Mwenye gari akituma ujumbe, relei inakata, pampu inasimama, gari linazima. Kwa kuwa kinahitaji mtandao wa simu, hawezi kukuzima pale ambapo mtandao haupo. Kwa hiyo alitusubiri tufike mahali penye mtandao wa kutosha kupokea amri yake na hela zetu, na mbali na mji kiasi cha kutufanya tuogope giza. Huyu anaijua barabara ile na anapanga.

Hatukutuma. Kijana wa boda alimfuata fundi Orom. Fundi akalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, baada ya nusu saa akatoa kisanduku cheusi kidogo kama kiberiti, kimezungushiwa selotepu ya waya. Akaonyesha waya mbili zilizokatwa na kupitishwa kwenye relei. Alipoziunganisha upya, gari likawaka. Alituomba 80,000, nasi tukamwongezea. Wakati huo mzee ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama mmoja aliyetukaribisha. Mama yule alipoelezwa habari ya dawa, hakusema mengi. Alileta chungu, akakiweka ndani ya beseni lenye mchanga, akamwagia mchanga maji, tukaifunga insulini kwenye mfuko na kuiweka ndani ya chungu, juu kitambaa kibichi. Ilipoa kweli. Mungu ambariki yule mama.

Tulirudi Kitgum usiku ule ule tukaandikisha polisi. Siku mbili baadaye tukakodi gari la mtu wa pale pale, tukamwona yeye, kadi ya gari, bima na tairi, tukaenda Kidepo kulala usiku mmoja Apoka, kambi iliyo ndani ya hifadhi. Langoni ndipo tulipojua la pili: hakuna malipo yoyote yaliyofanywa kwa majina yetu. Ada za kuingia na za kambi hulipwa Mamlaka ya Wanyamapori yenyewe, UWA, na raia wa Afrika Mashariki tuna kiwango chetu kwa shilingi za Uganda, cha chini sana kuliko cha mgeni wa kutoka mbali. Kwa ile 600,000 angeweza kutulipia wote na chenji ikabaki. Basi yeyote asikwambie anakusanya ada ya hifadhi kwa simu yake. Ofisi kuu ya UWA iko barabara ya Kira, Kamwokya, ukiwa Kampala nenda uulize mwenyewe.

Mzee aliwaona nyati wa bonde la Narus, kundi refu likienda majini, maana kiangazi maji hubaki upande ule. Alisimama bila kusema neno hadi vumbi lilipotulia.

Sasa, kama bado unataka kwenda, na nakusihi uende, usilipe arubuni kabla ya kuliona gari lenyewe, wewe au ndugu yako aliye Kampala. Lala kwenye kile kitanda. Washa friji jioni ukaikague asubuhi injini ikiwa imezimwa. Jina kwenye kadi ya gari, kwenye kitambulisho na kwenye namba inayopokea hela lazima liwe moja, au la kampuni ambayo umeitafuta kwenye msajili wa kampuni, URSB. Mwulize mwenye gari waziwazi kama kuna traka yenye uwezo wa kuzima injini, na mkataba useme kwa maandishi kwamba halitazimwa, na utaje Kidepo, Karenga na kila wilaya mtakayopita. Asiyetaka kuandika, achana naye. Na gari likibadilishwa asubuhi ya safari, usipande, hata kama wageni wameshafika. Walaze nyumbani siku moja.

Jina la yule mtu siliandiki hapa kwa sababu jalada liko polisi na sitaki liharibike. Tangu wakati ule ukurasa wake umebadilishwa jina, picha za gari jeupe lenye mapazia ya samawati bado zipo. Polisi wameniambia mlalamikaji wa pili atasaidia sana. Kama ulikodi Hiace ya krimu yenye magodoro mawili na friji iliyofungwa kwa kamba, au uliombwa hela ya kibali cha Kidepo kwa simu ya "mke wangu", niandikie faraghani, ukiwa na risiti zako za kutuma pesa.