Replikesheni ya Postgres, seva mama Arusha kopi Moshi: uzoefu wangu

Nafanya IT kwenye kampuni ya pembejeo, makao makuu Arusha mjini, matawi Usa River, Boma Ng'ombe na Moshi, na mfumo wote wa mauzo, stoo, uhasibu na mishahara unakaa kwenye databesi moja ya PostgreSQL (Postgres kwa kifupi, programu ya kutunza data). Seva mama ipo Arusha, kopi yake ipo ofisi ya Moshi, kama kilomita 80 hivi kwa barabara. Replikesheni ndo hiyo kazi ya kuifanya kopi ifuate kila kinachobadilika kwenye seva mama. Kwa mwenye haraka: nimeipenda na siibadilishi, ila usije ukaiweka tu ukadhani kazi imeisha, mambo mengi imekuachia wewe mwenyewe.

Hela kwanza maana ndo bosi alichouliza. Postgres ni bure na kopi zake bure, weka tatu weka kumi hamna wa kukudai laisensi. Kwenye databesi za kulipia, Oracle ukitaka kopi inayosomeka huku bado inapokea mabadiliko inabidi ununue nyongeza ya Active Data Guard, na hiyo inalipiwa juu ya toleo la Enterprise Edition ambayo yenyewe tu ni hela ndefu. SQL Server ya Microsoft, toleo la Standard, inakupa seva 2 tu kwenye kundi na ile ya pili hauruhusiwi hata kuisoma. Sisi hela yetu ikaenda kwenye diski nzuri na betri.

Inavyofanya kazi ni rahisi, kila badiliko linaandikwa kwanza kwenye WAL (write-ahead log), ambayo ni kama daftari la madeni dukani, hakifutwi kitu kinaongezwa tu chini, na Moshi inavuta hilo daftari na kurudia kila mstari. Ipo toka vesheni 9.0 ya mwaka 2010 kwa hiyo imeshakomaa. Swali ni moja, Arusha isubiri Moshi au isisubiri? Ile ya kusubiri, yaani sinkronasi, keshia haambiwi "tayari" mpaka kopi ijibu kwamba imepokea, na kwenye karatasi inapendeza kweli, sema tulipoipima kwenye seva za majaribio tukachomoa waya wa Moshi makusudi, Arusha nayo ikaacha kuuza, skrini inazunguka tu. Sasa fikiria hiyo itokee masika watu wamepanga foleni ya mbegu za mahindi, aisee si utahama mji. Tukachukua asinkronasi, yaani Arusha haisubiri, tukakubali kwamba Arusha ikifa ghafla mauzo ya sekunde za mwisho yanaweza kupotea tuyaingize upya kwa kopi za risiti. Kama unaendesha saccos usituige, weka kopi ya pili jengo lile lile iwe ndo ya kusubiriwa, halafu ya mji mwingine ibaki asinkronasi.

Kitu ambacho nitawapigia kelele watu ni sloti, alama ambayo Arusha inaiweka kukumbuka Moshi imefika wapi. Sloti inaiambia Arusha isitupe WAL yoyote ambayo Moshi haijaichukua, safi, ila umeme ukikatika Moshi wikiendi nzima na betri ikaisha, Arusha inaendelea kutunza tu mpaka diski ijae na seva mama yenyewe izime, yaani kopi iliyozimika inaua seva nzima! Na ukiiacha ilivyokuja haina kikomo. Kuanzia vesheni 13 kuna mpangilio wa kuweka kikomo, max_slot_wal_keep_size, sisi tumeweka GB 50, Moshi ikipitwa hapo basi inajengwa upya kwa pg_basebackup, yaani kunakili databesi nzima tena kutoka mwanzo, na duka linaendelea kuuza.

Faida tuliyoiona haraka ni ripoti. Mhasibu wetu wa Moshi, mama mmoja hivi mpole sana, anavuta ripoti za mwisho wa mwezi kwenye kopi palepale ofisini bila kuisumbua Arusha. Ila mwanzoni alikuwa ananipigia, "mwanangu, ripoti imekata tena," namwambia pole mama ngoja niangalie. Kumbe Arusha ikisafisha mistari ya zamani ambayo ripoti yake bado inaisoma, kopi inavumilia sekunde 30 halafu inaikatiza ripoti. Nikawasha hot_standby_feedback, mpangilio unaoifanya Moshi iiambie Arusha mistari ipi bado inasomwa isiisafishe, ikaacha, gharama yake ni kwamba meza za Arusha zinanenepa kidogo wakati ripoti ndefu inaendelea, hilo naliishi.

Kuhamisha umama, yaani kuipandisha kopi iwe seva mama, Postgres yenyewe haifanyi bila kuambiwa. Patroni, programu ya pembeni ya kazi hiyo, ipo na inaweza, ila kwa seva 2 na laini inayokatakata sitaki mashine iamue, maana Patroni inategemea kura za walio wengi, na kwa seva 2 tu mtandao ukikata hamna walio wengi, Arusha inaweza kujishusha yenyewe duka likaacha kuuza; na ukitumia skripti yako isiyo na kura, Moshi itadhani Arusha imekufa ijipandishe cheo, ukaja kuta mama wawili kila mmoja ana mauzo yake. Tunapigiana simu kwanza, tukihakikisha ndo mtu anaendesha pg_promote, amri ya kuipandisha kopi. Databesi za kuandika kwenye kila seva, kama MySQL yenye Galera, sikuzifikiria sana, tawi la Boma Ng'ombe halihitaji databesi, linahitaji intaneti.

Na jamani kopi sio bakap, mtu akifuta bei zote Arusha, Moshi zinafutika kabla hajamaliza kushtuka. Bakap ya usiku tunaendelea nayo kama kawaida.

Mwisho kuhusu kupandisha vesheni. Replikesheni hii ya kawaida inataka pande zote vesheni kubwa ile ile, kwa hiyo tulipotoka 13 kwenda 16 tulitumia replikesheni ya lojiko iliyokuja na vesheni 10, inayotuma mabadiliko ya data mstari kwa mstari badala ya WAL yenyewe, na ambayo inakubali vesheni tofauti na duka halifungwi mchana. Yenyewe haibebi mabadiliko ya muundo wa meza, wala haibebi sikwensi, zile kaunta za kutoa namba mpya. Data zote zilifika 16 vizuri lakini kaunta ya risiti huko ilikuwa bado inasoma 1, kwa hiyo kabla ya kuwageuza makeshia usiku ule tulipita kaunta moja moja na amri ya setval kuzisogeza mbele, bila hivyo risiti ya kwanza ya asubuhi ingegoma kwa namba kujirudia.