Sabmita ya nyumba ya kupanga: angalia namba iliyo kabla ya mabano

Malalamiko yamekuwa mengi hadi nimeona bora niandike mara moja. Dada mmoja wa Tabata kanitumia picha ya daftari lao la umeme: vyumba sita, kila chumba na sabmita yake (mita ndogo ya kuhesabu umeme wa chumba hicho), na mwisho wa mwezi wakijumlisha uniti za vyumba vyote hawafikii zilizoliwa kwenye LUKU ya nje, yaani mita ya TANESCO ya kulipia kabla inayohudumia nyumba nzima. Tofauti wanagawana sawa kwa sawa, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mwenye jiko la umeme anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Mwenye nyumba anaapa hajaunga waya popote. Fundi anaitwa, anafungua boksi, anafunga boksi, anachukua chake anaondoka.

Jamani, mara nyingi hapo hakuna mwizi. Mita mlizofungiwa hazisikii vitu vidogo.

Mtu akienda kununua sabmita anauliza bei, anauliza kama ni ya digitali, halafu anauliza inabeba ampea ngapi, na kubwa zaidi ndiyo anayoichukua. Hayo sitayagusa, muuzaji yeyote atakueleza. Mimi nataka usome maandishi madogo usoni mwa mita. Utakuta kitu kama 5(60)A, au 10(60)A, au 20(80)A. Namba ya ndani ya mabano ni mzigo wa juu ambao mita inaweza kubeba. Ya kabla ya mabano ndiyo hakuna anayeiangalia, na ndiyo inayowagombanisha.

Kwa kiwango cha kimataifa, mita ya daraja la 1 (daraja la usahihi wa kupima) inatakiwa ianze kuhesabu mkondo ukifika sehemu 4 katika 1,000 za hiyo namba ya mbele. Piga hesabu kwa volti 230. Mita ya 5 inaamka kwenye wati 4.6 hivi. Ya 10 inaamka kwenye wati 9.2. Ya 20 inaruhusiwa kulala mpaka wati 18.4! Mita nzuri huamka mapema kuliko inavyodaiwa, lakini hiyo 20(80) uliyouziwa kwa sifa kwamba ni "kubwa" inaweza kuitazama globu ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha na isiandike hata nukta.

Sasa fikiria chumba cha mtu anayeondoka alfajiri kuwahi mwendokasi na kurudi usiku. Kaacha ruta inawaka, king'amuzi kimezimwa kwa rimoti tu, chaja iko ukutani. Tuseme vyote ni wati 10, na kwa nusu ya siku hakuna kingine kinachotumia umeme chumbani. Hiyo ni uniti 3.6 kwa mwezi ambazo sabmita ya 20 haikuziona ila LUKU ya nje imezikata. Vyumba sita ni uniti 21.6. Nyumba ya wapangaji wengi ni nadra ibaki chini ya uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo ile bei nafuu ya shilingi 100 kabla ya kodi isahauni. Mpo kwenye shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka VAT pamoja na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inakuwa kama 356. Zidisha mwenyewe: karibu shilingi 7,700 kila mwezi zinatafutiwa mwizi. Mwenye friji hapa anaonewa mara mbili, maana friji lake likiwaka mita yake imeshaamka, inahesabu kila kitu mpaka chaja, kisha analetewa na mgao wa uniti ambazo mita za wenzake hazikuziandika zilipolala.

Kupima ni rahisi, ila wauzaji hawapendi. Kariakoo watakuunganishia mita kwenye ubao wenye globu ya zamani ya wati 100. Kataa mbinu hiyo. Usoni mwa mita kuna maandishi ya imp/kWh, mathalani 1600, yaani kitaa chekundu kinapepesa mara 1,600 kwa kila uniti. Kwa globu ya wati 100 kitapepesa kila baada ya sekunde 22 na nusu, na muuzaji atakwambia "unaona, dada?" Ndiyo, naona, hata mita mbovu inaiona wati 100. Mara ya mwisho nilitoa globu yangu ya LED ya wati 5 kwenye mkoba, nikamwomba kijana aibadilishe. Kwa mita ya 1600, wati 5 ni mpepeso mmoja kila dakika saba na nusu. Tukasubiri. Akaangalia simu, akaangalia mlango, akahudumia wateja wengine wawili, robo saa ikapita na kitaa kimetulia tuli. Mita ya pili, ya 5(60), ikapepesa kabla hajamaliza kunilalamikia kwamba namchafulia biashara.

Sasa mpangilio wangu wa mita, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza ni mita ya kawaida ya CHINT, na sifichi kwamba naipendelea. Modeli yao ya DDSU666 imeandikwa 5(80)A, maana yake namba ya mbele ni ndogo na bado inabeba mzigo mkubwa, kwa hiyo hulazimiki kuchagua kati ya globu na jiko. Ni nyembamba, inakaa kwenye reli ya boksi pamoja na breka, na ndugu yake ndiyo hiyo hiyo mafundi wa sola wanaifunga pamoja na inveta za Huawei. Haina mambo ya tokeni, haikatii mtu umeme. Mnasoma namba mwisho wa mwezi, mnaandika kwenye daftari, basi. Kasoro yake ni kioo: umeme ukikatika kinazima, usipange kusoma mita siku ya mgao. Kwa hilo zile za tarakimu za kuzunguka zina raha yake, unazisoma hata kwa tochi ya simu.

Ya pili ni sabmita ya kulipia kabla, ile ambayo mpangaji ananunua tokeni ya tarakimu 20 kama ya LUKU. Ugomvi wa madeni unaisha, sikatai. Lakini uliza maswali mawili kabla hujatoa hela. La kwanza: imeshahamishwa kwenye tarehe mpya? Mnakumbuka 2024, TANESCO walipotutaka tuingize makundi matatu ya tarakimu kwenye LUKU kabla ya tarehe 24 Novemba. Mfumo wa tokeni ulikuwa unahesabu muda kuanzia 1993 na nafasi yake ikaisha siku hiyo. Sasa unahesabu kuanzia 2014. Sabmita za mfumo huo zilihusika pia, na mita iliyolala stoo bila kuhamishwa itakataa tokeni mpya zote. La pili: nani anatengeneza tokeni? Si wewe. Ni kampuni iliyokuuzia, na inakata asilimia yake kila mpangaji anaponunua. Kampuni ikifunga ofisi, unabaki na kiboksi ukutani. Nimeandikiwa na mwenye nyumba ambaye namba ya muuzaji wake haipatikani na wapangaji wako gizani.

Halafu kuna kitu hakiambiwi wapangaji: tokeni ya sabmita hainunui umeme TANESCO. Hela inakwenda kwa mwenye nyumba, na yeye ndiye anatakiwa aingize uniti kwenye LUKU ya nje. Akisahau, au akiwa kijijini bila mtandao, wewe unakaa gizani na uniti zako kumi na nne unazitazama. Kabla ya kuhamia nyumba yenye mita hizi, uliza nani ananunua LUKU ya nje na akisafiri nani anashika namba ya mita.

Ya tatu ni mita janja za Wi-Fi, zinazosomwa kwa programu kwenye simu. Kwa anayepangisha nyumba Mbezi Beach akiwa anaishi Muscat, nzuri: anaona matumizi ya saa kwa saa, anajua kama hita imeachwa. Nyingi zinakubali mtandao wa 2.4 GHz tu, na ruta ikizimika taarifa zinaganda. Ninachokichukia ni kile kitufe cha kukata umeme kwa mbali. Nimeona ujumbe wa mwenye nyumba akimtishia mama mwenye mtoto mchanga kwa kitufe hicho, saa nne usiku, kwa deni la takataka. Hizi msizichanganye na mita janja ambazo TANESCO wenyewe wanafunga, ambazo ukinunua umeme uniti zinaingia bila kubonyeza tarakimu. Hizo hazinunuliwi dukani, mita ya nje ni mali ya shirika, na anayejitia kukuuzia moja chini ya meza mkimbie.

Za bei ya chini kabisa zisizo na jina? Nyingine hazina hata namba ya kabla ya mabano. Nimemaliza.

Bei sijaandika, na msinilaumu. Mita ileile, mtaa uleule, nimetajiwa bei tatu kati ya duka la kwanza na la tatu, na ya juu kabisa nilitajiwa na yule aliyeanza kwa kuniita "mama mwenye nyumba". Sema wewe ni fundi, au nenda na fundi wako na umlipe nauli. Omba risiti iandikwe namba ya mita, maana ule ukuta wenye "mali ikishauzwa hairudishwi" huwa unalegea kidogo ukiwa na karatasi mkononi. Na wale wa mitandaoni wanaoweka picha ya mita bila bei, kisha "njoo inbox", mimi nawapita tu.