OGame: gemu la anga, kwa nyie mnaotaka kuanza

Haya yakhe, hapa barazani kwetu Wete nshaulizwa na watu watatu, hilo gemu unalokodolea macho kila baada ya Isha ni gemu gani, mbona hata risasi haipigwi, namba tu. Basi naandika mara moja nisiulizwe tena.

Ndo OGame hilo. La Wajerumani, kampuni ya Gameforge, lipo tokea 2002, na mie kinachonipendeza ni huo uzee wake, maana linachezwa kwenye brauza tu, hudaunilodi kitu, simu yangu ya kioo kilichopasuka inalimudu na bando la siku halishtuki. Anaetaka kuona meli zinalipuka aende kwengine, huku vita unaletewa ripoti tu, umepoteza nini, umebakia na nini. Kiswahili hakimo, mie nacheza kwa Kiingereza na maneno ni yale yale kila siku, wiki moja ushayazoea.

Unaanza na sayari moja tupu, metali 500 na kristali 500. Wengi wetu tunakosea hapo hapo, tunarukia meli. Wacha meli. Jenga mgodi wa metali, mgodi wa kristali na sola (mtambo wa umeme wa jua), na hio sola usiifanyie ubahili maana umeme ukipungua migodi yote inavuta kidogo kidogo, na mtu wa Pemba hana haja ya kufunzwa hilo, sie kabla waya wa Tanga haujafika 2010 tulikua watu wa majenereta, tunajua. Metali itangulie ngazi mbili tatu mbele ya kristali. Deuteri usiidharau ati kwa vile mwanzo huioni kazi yake, ndo mafuta ya meli, bila hio utakua na vyombo vimekaa bandarini kama mitumbwi ya maonyesho. Na ghala likijaa mgodi unasimama, kwahio angalia maghala kabla hujafunga simu.

Siku za mwanzo kuna ulinzi, wakubwa hawawezi kukugusa ikiwa wamekuzidi sana. Wakati huo ndo wa kujenga, na ukishapata kago ndogo kadhaa, yaani meli za mizigo (moja inabeba 5,000) anza kukusanya kwa waliokimbia gemu. Angalia jina la mtu, likiwa na i ndogo pembeni basi hajaingia siku 7, likiwa na I kubwa hajaingia siku 28, huyo ni kama nyumba ya mtu alokwenda Maskati na hajarudi, migodi yake inafanya kazi na hakuna anaechukua. Peleka kijasusi kwanza, chombo kidogo cha kupeleleza, uone kama ameweka mizinga, kama hana tuma kago, kawaida unachukua nusu ya kilichopo. Lakini mtu ambae bado anacheza usimrudie kutwa kucha, sheria kwake ni mashambulizi 6 kwa sayari moja ndani ya masaa 24. Mie mwezi wa kwanza nimeishi kwa hawa tu.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndo gemu lilipo na ndo watu wanapoachia njiani.

Mie nilikua na kruza 12, hizo ni meli za kivita. Nimezikusanya wiki mbili, kila moja metali 20,000 na kristali 7,000, nazitizama kama mtu anaetizama ng'ombe wake. Usiku mmoja nikalala nimeziacha zimekaa kwenye sayari, zimepumzika, na mimi nimepumzika. Asubuhi naamka nakuta ripoti. Mtu kaja saa nane usiku na meli za vita, kazivunja zote, na ulimwengu niliopo mie (ndo seva hio, zipo nyingi) asilimia 30 ya metali na kristali ya meli iliyovunjwa inabaki angani kama vifusi, kwahio zile zangu zimetoa karibu laki moja, na nyuma ya meli zake zilikua zinakuja risaikla za kuzoa. Kazoa chote. Akaniandikia na ujumbe wa "asante". Sikunywa chai siku hio wallahi.

Yule mtu kanifunza kitu kimoja ambacho hamna maelezo ya gemu yaliyonifunza: meli isilale nyumbani ukiwa umelala wewe. Wenyewe wanaita flitisevu. Kabla hujalala unapakia kila meli, na metali na kristali uliyonayo unaitia humo humo ndani, unaituma safari ndefu, kwa mfano kwenye sayari yako ya pili kwa kasi ya asilimia 10, ifike muda ambao wewe uko macho. Atakaekuja usiku atakuta sayari ina mchanga. Hesabu unayofanya sio ya vita, ni ya usingizi: nalala saa nne, naamka alfajiri saa kumi na moja, basi masaa saba na kidogo, ifike saa kumi na moja na nusu. Usipange ifike kabla hujaamka, maana mwenye mwezi wake (ule wa angani, unaozunguka sayari yake) ana rada inayomuonesha meli yako inatua sekunde gani, na yeye anapanga atue sekunde mbili nyuma yako. Na bakisha deuteri ya safari! Nimewaona wangapi wametumia yote mchana, usiku hawana mafuta.

Hapa sisi tuna bahati ambayo watu hawaijui. Wachezaji wengi ninaokutana nao wako Ulaya, na sisi tuko mbele ya Ujerumani masaa mawili, kiangazi chao saa moja. Ramadhani tunaamka daku saa kumi usiku, kwao ni saa nane, wamelala fofofo. Ramadhani ilopita ndo nimepanda daraja kuliko mwezi wowote, mkono mmoja tambi mkono mmoja natuma vijasusi, mama ananitizama tu.

Koloni, yaani sayari za kuongeza, sitaandika sana. Nafasi ya 8 kwenye mfumo (jua moja na sayari zake) mara nyingi inatoa sayari kubwa, za 13 mpaka 15 ni baridi na deuteri inatoka vizuri. Mie ya pili nilichukua 8 na sijajuta.

Ubaya wake upo. Kuna hio Dark Matter inauzwa kwa pesa halisi, mwenye nayo anamaliza majengo papo hapo na anakodi maafisa, na ukikaa na mtu wa hivyo kwenye mfumo mmoja utamjua tu. Unaweza kucheza bila kulipa, mie sijalipa hata senti, lakini kumi bora usahau. Pili polepole sana, jengo la ngazi za juu unangoja kutwa, kijana mwenye haraka zake atalichoka siku ya tatu. Halafu linaingia kwenye usingizi, mie ilifika nikawa naamka kabla ya alamu.

Wale mnaocheza ndugu nyumba moja, kila mtu akaunti moja tu kwa ulimwengu mmoja, na mkitumia waifai moja waarifuni wasimamizi mapema. Na mdogo asimtumie kaka yake mali bure bure, kumlisha mkubwa ni kosa, unafungiwa. Mtoto wa dada yangu alitaka kunipa zawadi ya metali nikamkataza mbio.

Gemu hili naliwekea nyota nne. Ya tano imeliwa na Dark Matter.

Na kuhusu yule alieuliza vuno la karafuu likianza inakuaje, shambani kwetu mtandao hakuna: unaweka modi ya likizo, hakuna anaeweza kukushambulia, migodi nayo inasimama, na hutoki mpaka masaa 48 yapite. Ila haikubali kuwaka meli zikiwa angani, kwahio zirudishe zote kwanza, ndo uchukue pishi na pakacha uende.